Kijiji, mji mdogo au halmashauri ya mji: ulinganisho kwa vijiji vinavyokua mkoani Tabora

Mkoani Tabora hoja hii huanza kwa namna inayofanana. Kituo cha reli au njia panda kinajaa maduka, mashine za kukoboa mpunga, gereji za pikipiki na nyumba za wageni. Nyumba za bati zinasogea mpaka kwenye mashamba ya mahindi. Halafu kwenye mkutano mkuu mtu anasimama: "Ndugu mwenyekiti, sisi si kijiji tena. Tuombe mji." Makofi yanapigwa, mtendaji anaandika muhtasari, na barua inaanza safari yake kwenda kata.

Makofi hayo huja kabla watu hawajaelezwa wanachokitoa ili wapate hicho wanachokiomba. Kwa hiyo hapa naziweka njia tatu pamoja: kubaki kijiji, kuwa mamlaka ya mji mdogo ndani ya halmashauri ya wilaya, na kuwa halmashauri ya mji inayojitegemea. Ya nne, kugawa wilaya au mkoa, nitaigusa kwa sababu watu huichanganya na hizi.

Msimamo wangu nautanguliza. Kijiji ambacho kaya nyingi bado zinaishi kwa jembe kibaki kijiji, angalau mpaka ardhi yake ipangwe na wenye mashamba wapate hati. Kituo cha biashara kilichokomaa kiombe mji mdogo, lakini mpaka wake uchorwe kwa kubana. Halmashauri ya mji iachiwe mahali penye mapato ya kuibeba.

Ngazi hizi zilitoka wapi

Tabora ni mkoa mkubwa mno. Una kilomita za mraba 76,151, na Wilaya ya Sikonge peke yake inaizidi nchi ya Rwanda kwa eneo, ingawa sehemu kubwa ya wilaya hiyo ni misitu na mapori yaliyohifadhiwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623. Ile ya 2022 ikakuta 3,391,679. Ongezeko la watu zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi ndilo linalosukuma maombi haya yote ya miji.

Zamani utawala wa Unyamwezi ulikuwa wa watemi, na chini yao wanangwa na magunguli waliosimamia vijiji na kugawa ardhi. Wajerumani waliishinda Unyanyembe, dola ya Mtemi Isike, mwaka 1893, wakatawala kwa boma, maakida na majumbe, yaani maofisa wenyeji waliowateua wao. Waingereza walipokuja waliirudisha sura ya utemi kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, enzi ya Gavana Donald Cameron, na Tabora ikawa makao makuu ya Jimbo la Magharibi. Mtemi akawa mkusanya kodi na hakimu kwa niaba ya serikali. Baada ya uhuru, mwaka 1963, mamlaka ya kiserikali ya machifu yakafutwa na halmashauri za kuchaguliwa zikashika nafasi yao.

Halmashauri hizo hazikudumu. Kwa mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972 zilivunjwa, na kazi zake zikaenda kwa maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Jina lilisema madaraka yanashuka, lakini wananchi walipoteza chombo walichokuwa wanakichagua wenyewe. Huduma zilidorora, hasa mijini, na halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Za wilaya zilisubiri sheria za 1982 na zikaanza tena kazi 1984.

Katikati ya pengo hilo ndipo kijiji cha leo kilipozaliwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na kufikia 1976 Operesheni Vijiji ilikuwa imehamisha mamilioni ya watu nchini. Sheria ya 1975 ikaweka kiwango cha kaya 250 kwa kijiji kuandikishwa. Wazee wengi wa Uyui na Nzega bado wanaonyesha kwa kidole mahame ya zamani, mahali penye miti ya matunda isiyo na nyumba. Nayasema haya kwa sababu kijiji kilianza kama amri, lakini kwa sheria zilizofuata kimegeuka kuwa ngazi yenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya 1982 iliipa halmashauri ya kijiji hadhi ya kisheria: inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, inatunga sheria ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 ikaongeza lililo kubwa kuliko yote.

Ardhi

Mtu akiniuliza ni kitu gani kimoja akiangalie kabla ya kunyosha mkono, nitamwambia ardhi. Mengine yanarekebishika.

Kijijini, ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu ndio wenye neno la mwisho katika ugawaji. Chukua kijana anayeomba eka tano za kulima. Anaandika maombi, yanapokelewa na mtendaji, wajumbe wa serikali ya kijiji wanayajadili, wanaenda kuliona eneo pamoja na majirani wa mpakani, kisha jina lake linasomwa mbele ya mkutano mkuu. Mama aliyekaa nyuma anaweza kusimama na kusema eneo hilo ni njia ya ng'ombe kwenda bwawani. Akishasema hivyo, shauri linarudi mezani. Hakuna ofisi ya mjini inayojua njia ya ng'ombe kama yule mama.

Mwenye shamba kijijini anaweza kupata hatimiliki ya kimila, inayosainiwa kijijini na kusajiliwa wilayani. Kwa mwanakijiji hati hii haina kikomo cha miaka. Migogoro huanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Hata serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya matumizi mengine, kama eneo halifiki hekta 250 uamuzi wa kukubali au kukataa uko kwa mkutano mkuu.

Kijiji kikifutwa ili kiwe mji, ardhi yake inatoka kwenye kundi la ardhi ya kijiji na kuingia ardhi ya jumla, chini ya Kamishna wa Ardhi. Haki ya mwenye shamba haifutiki siku hiyo, na asitokee mtu kuwatisha watu kwa uongo huo. Kinachobadilika ni nani anapanga. Eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, wataalamu wanachora ramani ya barabara, viwanja vya makazi, soko na maeneo ya wazi. Shamba linaweza kukatwa viwanja, na mwenye nalo akajikuta anazungumzia fidia au mgawo wa viwanja. Kiwanja kilichopimwa kina hati ya muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, na kina kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka.

Upande wa pili nao una haki yake. Kiwanja kilichopimwa kina thamani, na benki inakielewa haraka kuliko hatimiliki ya kimila. Mwenye nyumba ya wageni njia panda, au mfanyabiashara wa mpunga anayetaka mkopo wa kujenga ghala, atafaidika. Barabara za mitaa zikichorwa mapema, gari la wagonjwa litapita bila kubomoa ukuta wa mtu. Vituo vingi vya biashara vimeachwa vikajijenga ovyo kwa sababu vilibaki kijiji kwa jina huku kila mtu akikata na kuuza kipande chake, na sasa hata mtaro wa maji ya mvua hauna pa kupita. Kukaa kijiji bila mpango wa matumizi ya ardhi ni hasara pia, tena inayokuja polepole.

Mji mdogo na halmashauri ya mji kwa suala hili vinafanana kwa kiasi kikubwa, isipokuwa kwamba kuna halmashauri za mji ambazo ndani ya mipaka yake bado vimo vijiji vilivyosajiliwa. Huko sheria ya ardhi ya vijiji inaendelea kwenye vijiji hivyo, na mitaa ndiyo inayoenda kimji. Hii ni njia ya kuidai waziwazi kama mnaingizwa kwenye mji bila kupenda.

Nani anaitwa kwenye kikao

Kijijini kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu. Mkutano huo unatakiwa kuitwa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na mwenyekiti anachaguliwa moja kwa moja na wananchi. Najua vijiji ambavyo mkutano hauitwi mwaka mzima. Hata hapo, sheria ipo upande wa mwananchi anayedai, na mwenyekiti asiyesoma mapato na matumizi anajua kwamba anavunja utaratibu.

Mamlaka ya mji mdogo inaondoa halmashauri ya kijiji na mkutano wake mkuu. Vitongoji vinabaki, wenyeviti wake wanachaguliwa, nao ndio wengi kwenye baraza la mji mdogo na humchagua mwenyekiti wa mamlaka kutoka miongoni mwao. Mnyororo umerefuka kwa pingili moja. Mwananchi anamfahamu mwenyekiti wa kitongoji chake, lakini bajeti ya mji mdogo inapita mikono mingine na bado inategemea halmashauri ya wilaya. Kwa maoni yangu hapa ndipo mji mdogo ulipo dhaifu zaidi: unachukua madaraka ya kijiji, haupati madaraka ya mji. Mapato makubwa yanayokusanywa sokoni na stendi yanaingia wilayani, na baraza la mji mdogo linabaki kuomba.

Halmashauri ya mji, iliyo chini ya Sheria Namba 8 ya 1982, ina baraza lake la madiwani, mkurugenzi wake, bajeti yake na wakuu wa idara wake. Huku chini kuna mitaa yenye mwenyekiti na kamati. Mtaa una mikutano yake, lakini hauna hadhi ile ya kijiji ya kusimamia ardhi na kugawa. Nguvu imekusanyika kwa madiwani, kwa hiyo ubora wa diwani unaanza kuwa na uzito ambao kijijini uligawanywa kwa watu ishirini na zaidi.

Fedha, umeme na mifugo

Suala la umeme limewaamsha wengi kuliko hotuba yoyote. Kuanzia Januari 2022 kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, bila nguzo, kulirudi kwenye Sh320,960, wakati kijijini bei ilibaki Sh27,000. Bungeni yakaibuka malalamiko ya mitaa ambayo kwenye karatasi ni mji, lakini ukifika unakuta nyumba za tope na mashamba ya mihogo. Familia ileile, nyumba ileile, tofauti ni neno lililoandikwa kwenye tangazo la serikali. Kabla ya kuomba mji, kijiji kihesabu kaya ambazo hazijaunganishwa na kizidishe. Ni hesabu ya dakika chache ambayo hubadilisha mawazo ya mkutano mzima. Na kama hadhi haiepukiki, umeme wa vijijini usogezwe kwanza.

Kwa mapato, chanzo kikubwa cha halmashauri za Tabora zinazolima tumbaku ni ushuru wa mazao. Mabadiliko ya 2017 yaliuweka kwenye asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Unalipwa kwa halmashauri ambamo zao limetoka, kwa hiyo anayeomba halmashauri ya mji aangalie vizuri mabani ya kukaushia tumbaku yako upande gani wa mpaka. Mji uliojitenga na mashamba yake unabaki na ushuru wa soko, stendi, leseni za biashara na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni. Kama hakuna kampuni, hicho cha mwisho ni jina tu. Wilaya iliyobaki nayo inaweza kupoteza soko lake kubwa na kuachwa na barabara ndefu za kutunza.

Ile asilimia 10 ya mikopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo kwenye halmashauri zote, isiwe hoja ya kuchagua.

Mifugo inasahaulika kwenye vikao vya aina hii, hasa Igunga na Nzega ambako zizi la ng'ombe liko nyuma ya nyumba. Sheria ndogo za miji hubana ufugaji, na kaya yenye ng'ombe arobaini haiwezi kuwa mtaani kama ilivyokuwa kitongojini. Wafugaji waulizwe mapema, nao wakae kwenye kikao kinachochora mpaka.

Kugawa wilaya ni jambo jingine

Wengine wakisema "tunataka mji" wanachotaka hasa ni ofisi kusogea. Hapo dawa huwa ni kugawa kata, wilaya au mkoa, na historia ya magharibi ya nchi inaonyesha faida yake na gharama yake.

Mpanda ilikuwa sehemu ya eneo la Tabora. Miaka ya 1970 ikaunganishwa na Sumbawanga kufanya Mkoa wa Rukwa. Kwa takriban miongo minne mtu wa Mpanda mwenye shida ya ngazi ya mkoa alisafiri zaidi ya kilomita 200 kwenda Sumbawanga, kwa barabara ambayo masika ilikuwa mtihani. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, sambamba na Geita, Simiyu na Njombe. Sensa ya mwaka huo iliwahesabu watu 564,604 Katavi. Ya 2022 ikakuta 1,152,958. Kwa ongezeko la namna hiyo sioni jinsi Sumbawanga ingeweza kuendelea kuwahudumia. Ndani ya Tabora kwenyewe, Kaliua ilimegwa kutoka Urambo mwaka huohuo wa 2012, na ushuru wa tumbaku ya Kaliua ukaanza kuhesabiwa Kaliua.

Ugawaji wa aina hii haugusi hadhi ya kijiji wala ardhi yake. Hiyo ndiyo faida inayonifanya niupendekeze kwa vijiji vya mbali vya Sikonge au Kaliua kuliko kuomba mji. Gharama yake ni kwamba ofisi mpya inahitaji majengo, nyumba za watumishi, magari na mishahara, na kwa miaka ya mwanzo fedha nyingi huenda huko kabla hazijafika kwenye zahanati. Miaka ya karibuni jibu la serikali bungeni limekuwa kwamba kwanza yakamilishwe maeneo ya utawala yaliyopo. Anayeomba ajiandae kusubiri.

Basi mchague lipi

Kama zaidi ya nusu ya kaya zenu zinalima au kufuga na ardhi bado ipo ya kugawa, bakini kijiji. Msibaki bure, lakini. Dai cheti cha ardhi ya kijiji kama hakipo, mpime mipaka na vijiji jirani, mpange matumizi ya ardhi na mtenge ndani ya mpango huo eneo la makazi yaliyopimwa pale kwenye kituo. Kijiji kinaweza kuwa na barabara zilizonyooka bila kuitwa mji.

Kama mko sehemu kama Usoke, Ziba au Ndala, ambako biashara imejaa na ardhi ya wazi imekwisha, mji mdogo una maana, kwa sharti la mpaka. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kubeba kijiji kizima na vitongoji vyake vyote, hata vile vilivyo kilomita nane porini, ili idadi ya watu ionekane kubwa. Chukueni vitongoji vya kituo tu. Vile vya mashambani vijiunge na kuandikishwa kama kijiji kipya, au vihamie kijiji jirani, kabla barua haijatoka.

Halmashauri ya mji ifikiriwe na makao makuu ya wilaya au mahali penye soko kubwa, stendi, mgodi au kiwanda, ambako mhasibu wa halmashauri anaweza kuonyesha kwa vitabu vya miaka mitatu iliyopita kwamba makusanyo ya ndani ya eneo hilo yanatosha kuendesha baraza, magari na vikao bila kunyonya wilaya.

Njia ya maombi ni hiyohiyo kwa wote: mkutano mkuu wa kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, baraza la madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha TAMISEMI. Nguvu ya mwananchi iko kwenye hatua ya kwanza. Baada ya hapo karatasi inazungumza peke yake. Kwa hiyo muhtasari wa mkutano usiishie kwenye "wajumbe waliridhia". Uandike majina ya vitongoji vinavyoingia na vinavyobaki, idadi ya waliokubali na waliokataa, maeneo ya malisho na njia za mifugo, mashamba ya shule na ya kijiji, na mali za kijiji kama trekta, mashine au jengo la ofisi na nani atakayerithi. Usomwe kwa sauti kabla ya kugongwa muhuri, na nakala yake ibaki kwa watu wasiopungua watatu nje ya ofisi ya mtendaji, mmoja wao awe kutoka kitongoji cha mbali kabisa.